Kaa au kamba, ghuba au ufuko? Kisa cha Jumamosi moja ya kuvua redifishi Galveston

Shemeji yangu ni mtu wa Uvira. Amekulia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Taa za kuvulia usiku, nyavu, na samaki kama ndagala na mukeke anavijua tangu utotoni, ila maji ya chumvi hakuwa amewahi kuyavua. Siku hizi anaishi Houston, jimbo la Texas, Marekani, anafanya zamu ya usiku kwenye ghala, na mwishoni mwa Oktoba alipata Jumamosi moja ya mapumziko. Akanipigia simu: "Shemeji, namtaka yule samaki wa rangi ya shaba. Jumapili nina wageni. Boti sina. Ninunue kamba kiasi gani?"

Swali lake lilianza na chambo, kama yanavyoanza karibu maswali yote ninayoulizwa kuhusu samaki huyu. Badala ya kumjibu nilimuuliza mambo mawili. Unataka samaki wa kula au samaki mkubwa wa kupiga naye picha? Na upepo umevuma kutoka wapi tangu Alhamisi? Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyotuchagulia mahali pa kuvua, na mahali ndipo palipotuchagulia chambo. Siku hiyohiyo moja, kwa mkono wa mvuvi yuleyule, chambo kilichoshinda asubuhi hakikuwa kilichoshinda mchana.

Kwanza samaki mwenyewe. Redifishi, Sciaenops ocellatus kwa jina la kisayansi, ana mwili wa shaba na doa jeusi karibu na mkia, mara nyingine madoa kadhaa. Mdomo wake umeelekea chini kidogo, maana chakula chake kingi kiko sakafuni: kaa, kamba na samaki wadogo. Kooni ana meno ya kusagia, hivyo gamba la kaa halimsumbui. Lakini kwa kisa chetu lililokuwa na uzito zaidi ni kwamba maisha yake yamegawanyika. Miaka mitatu au minne ya mwanzo anaishi ndani ya ghuba, kwenye vinamasi vya majani, kando ya miamba ya chaza na ndani ya vijito. Akikomaa anatoka kwenda bahari kuu, na kuanzia mwishoni mwa majira ya joto hadi mwezi wa Novemba wakubwa hao husogea kwenye milango ya ghuba na kando ya fukwe ili kuzaa. Ndiyo maana Oktoba ufuko wa Galveston hujaa wavuvi. Samaki wa karibu mita moja anafikika kwa mtu aliyesimama nchi kavu.

Sasa weka sheria kando ya hayo. Texas inaruhusu kubeba redifishi wa inchi 20 hadi 28, yaani sentimita 51 hadi 71, watatu kwa mtu kwa siku. Urefu unapimwa kutoka ncha ya mdomo uliofungwa hadi ncha ya mkia uliobanwa. Aliyezidi inchi 28 habebwi ila kwa tagi maalumu inayotoka na leseni, na tagi hizo ni za kuhesabu kwa mwaka mzima. Kanuni hubadilika, kwa hiyo mtu azisome kwa Texas Parks and Wildlife, idara ya jimbo inayosimamia uvuvi, kabla ya kuondoka nyumbani. Lakini maana yake kwa shemeji ilikuwa wazi: video zote alizoziona zilikuwa za ufukweni, za samaki wakubwa, na yeye alikuwa anataka kitoweo. Anayetaka kitoweo akasimama ufukweni mwezi wa kumi anavua samaki ambao wengi wao itabidi awarudishe.

Kutoka Houston hadi kisiwa cha Galveston ni kama kilomita 80, barabara moja iliyonyooka. Nilimtajia sehemu tano za kuvulia bila boti.

Texas City Dike ni tuta la mawe lenye barabara juu yake, linaingia ndani ya Galveston Bay kwa karibu kilomita 8. Gari linafika hadi unaporushia ndoana, na kwa mgeni hilo ni jambo kubwa. South Jetty ni ukuta mrefu wa mawe unaolinda lango la meli upande wa mashariki wa kisiwa. Samaki wapo, ila kutembea juu ya mawe yale yenye utelezi ukiwa na mzigo si kazi ya kuanzia. Kando ya Seawall, ukuta unaoukinga mji na bahari, kuna kuta fupi za mawe zinazoingia baharini, zipo hatua chache tu kutoka barabarani. Galveston Island State Park ina upande wa bahari na upande wa ghuba, na ule wa ghuba ni vinamasi na vijito vitupu, makazi hasa ya redifishi wa kiasi. Mwisho ni San Luis Pass, mlango wa magharibi ya kisiwa. Huu niliufuta palepale. Mkondo wake unakula fungu la mchanga chini ya miguu ya mtu aliyesimama, na umeshaua watu wengi, wakiwemo waliojua kuogelea. Hakuna samaki wa thamani hiyo.

Wapo wazee wa Houston ambao bado watakuelekeza Rollover Pass, ng'ambo ya kivuko cha Bolivar. Usiende. Mlango huo ulianza kufukiwa mwaka 2019, na leo maji hayapiti tena.

Kilichotuamulia kati ya sehemu nne zilizobaki ni upepo. Alhamisi usiku hewa ya kwanza ya baridi ya msimu ilishuka kutoka bara, na Ijumaa nzima upepo wa kaskazini ulivuma kwa nguvu. Hapa mimi mwenyewe, mtu wa Tanga, naweka kando sehemu ya nilichorithi. Kwetu maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti yake inapita mita 3. Mvuvi wa kwetu anahesabu mwezi kwanza, upepo baadaye. Ndani ya ghuba ya Galveston tofauti ya kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki nusu mita, na siku nyingine maji hujaa mara moja tu. Upepo wa kaskazini ukivuma siku nzima unaweza kuyasukuma maji ya ghuba yatoke nje zaidi ya mwezi ulivyopanga, hadi matope ya vinamasi yakaanikwa juani huku jedwali la maji likisema yamejaa. Shemeji, aliyetoka ziwani kusiko na kupwa wala kujaa, alilielewa hili haraka kuliko nilivyolielewa mimi nilipofika, kwa sababu upepo kusukuma maji upande mmoja ni jambo alilolizoea.

Basi Ijumaa redifishi wa vinamasini walikuwa wamefukuzwa. Maji yalipoondoka kwenye majani, kaa, kamba na vitoto vya mkizi viliondoka nayo, na redifishi wakashuka kwenye mifereji yenye kina. Utabiri wa Jumamosi ulisema upepo utalegea alfajiri, utageukia mashariki, na mchana utatoka kusini-mashariki. Maana yake maji yangeanza kurudi. Na maji yanaporudi baada ya kutolewa kwa nguvu namna hiyo, samaki hurudi nayo wakiwa na njaa, na njia zao ni chache: vinywa vya vijito. Hapo ndipo nilipotaka tuwe kuanzia saa nne asubuhi.

Alfajiri ilikuwa hesabu nyingine. Upande wa bahari wa kisiwa umeelekea kusini-mashariki, hivyo upepo wa kaskazini unatoka nchi kavu na kuyalaza mawimbi. Asubuhi baada ya baridi bahari pale Seawall huwa tulivu, na upepo mgongoni unakusaidia kurusha mbali. Shemeji alitamani sana kumgusa samaki mkubwa walau mara moja. Nikaona hakuna hasara: kabla ya jua kuchomoza tuko kwenye kuta za mawe, baadaye tunahamia ghubani kutafuta kitoweo. Texas City Dike tuliiacha, kwa sababu upande wake wa kaskazini ulikuwa umepigwa na upepo siku nzima.

Ndipo tukafika kwenye chambo. Shemeji alikuwa na pakiti ya kamba waliokufa, na mimi nilinunua kaa wa buluu hai. Nilimwacha afunge kamba kwenye fimbo moja na kaa kwenye nyingine, tukazirusha sehemu moja, umbali uleule. Kamba hakukaa. Kila aliporusha, fimbo ilitikisika baada ya muda mfupi, akavuta, na aliyetoka ni hongwe, yule kambare wa baharini, au ndoana tupu iliyonyonywa na samaki wadogo. Hili si suala la bahati. Kamba aliyekufa ni laini, ana harufu inayosambaa haraka, na kila kiumbe kilicho sakafuni kinamweza. Hongwe wa Galveston ni wengi mno, na miiba yao ya mgongoni na ya mapezi ya ubavuni ina sumu; ukichomwa, tumbukiza kidonda kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha usilidharau jeraha, maana maji ya joto ya ghuba yana bakteria hatari wanaoingilia kidondani. Na usimpeleke hongwe huyo jikoni kwa kusema angalau nimepata kitu. Idara ya afya ya jimbo imetoa tahadhari ya kula hongwe wa Galveston Bay kwa sababu ya dayoksini na kemikali za PCB, na waja wazito na watoto ndio wa kuangaliwa zaidi.

Fimbo ya kaa ilikaa kimya. Shemeji aliniangalia mara kadhaa kwa jicho la kuniuliza kama nina hakika. Ukimya ule ndio uliokuwa faida. Kaa anapokaa chini bila kuguswa na wezi, bado yupo redifishi anapopita. Matayarisho yake ni haya: ng'oa gamba la juu, vunja makoleo, kata mwili nusu kwa nusu, kisha pitisha ndoana kwenye tundu la mguu wa nyuma, ule bapa wa kuogelea, ncha ikitokeza nje kabisa. Ukiifukia ncha ndani ya nyama ya kaa hutamshika samaki. Ndoana tuliyotumia ni ya duara, namba 7/0, kwenye kipande cha mshipi mzito, na chubwi inayoteleza juu ya mshipi ili samaki asihisi uzito anapoinua chambo. Faida ya ndoana ya duara ni kwamba hunasa pembeni mwa mdomo, haimezwi, ila inakutaka uache tabia ya kuvuta fimbo kwa nguvu samaki anapogusa. Mwache aondoke nayo, kisha kaza taratibu. Na ukinunua kaa, au ukimtega mwenyewe, jike mwenye mayai tumboni haruhusiwi kabisa kubebwa.

Jua lilipokuwa linatokeza fimbo ya kaa ilipinda. Samaki alikwenda kusini moja kwa moja, rili ikilia, na shemeji akashuka naye kutoka kwenye mawe hadi mchangani, polepole, kama nilivyomwomba. Tulipompima alikuwa na zaidi ya inchi 36.

"Shemeji, huyu analisha ukoo mzima."

"Huyu ni mzazi, shemeji. Uamuzi ni wako, tagi unayo."

Alimtazama kidogo. "Mdogo narudisha, mkubwa narudisha. Sasa nakula nini?"

Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu kamili. Miaka ya 1970 redifishi wa Texas walikuwa wanavuliwa kuliko walivyoweza kujazana tena, na mwaka 1981 jimbo lilipiga marufuku kuuza redifishi wa porini. Kisha katikati ya miaka ya 1980 mpishi Paul Prudhomme wa New Orleans aliupa umaarufu upishi wa redifishi aliyepakwa viungo na kuunguzwa kwenye kikaango cha chuma, mahitaji yakapanda nchi nzima, na meli za nyavu za kuzungushia zikawaendea wakubwa huko bahari kuu walikokusanyika. Serikali ya shirikisho ilifunga uvuvi huo katika maji yake. Redifishi wanaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Mkubwa mmoja aliyeachwa anazaa msimu baada ya msimu. Kwa hiyo mpango ni kwamba wachache wavuliwe wangali ghubani, wengi wavuke salama kuingia bahari kuu, na huko waachwe wazae. Jimbo linaongezea kwa kuzalisha vifaranga. Kituo kimojawapo, Sea Center Texas, kiko Lake Jackson, si mbali na Galveston, na kinapokea wageni.

Shemeji hakuhitaji maelezo marefu zaidi. Ndugu zake wameyaona ya Ziwa Tanganyika, ambako upande wa Tanzania uvuvi ulifungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, ili samaki wapumue. Alimshika kwa mikono miwili chini ya tumbo, si kwa kumning'iniza taya, akamwelekeza kichwa kwenye mkondo mpaka alipopiga mkia mwenyewe. Mimi naona alifanya vizuri, na si kwa ajili ya mazao tu: nyama ya wakubwa ni ngumu na nzito, haifikii ya mtoto wa inchi 24.

Saa nne tulikuwa State Park, upande wa ghuba. Mtu anayevua kutoka ukingoni ndani ya hifadhi za jimbo la Texas hahitaji leseni ya uvuvi, analipa kiingilio tu. Kwa familia inayotaka kujaribu kabla ya kutumia pesa, hapa ndipo pa kuanzia. Shemeji leseni alikuwa nayo, maana kule Seawall hakuna msamaha huo.

Hatukutupa ndoana kwanza. Tulitembea. Nilitaka tuone kijito ambacho maji yake yanaingia, chenye kinywa chembamba na kina upande mmoja, na chenye dalili ya uhai. Vijito viwili vya mwanzo vilikuwa na maji mazuri lakini yametulia kabisa, hakuna kilichoruka. Cha tatu kilikuwa kinavuta majani yaliyoelea kuelekea ndani, na kwenye kona vitoto vya mkizi vilikuwa vinarukaruka kwa woga. Mkizi anayeruka kwa woga ana anayemfukuza. Shemeji ndiye aliyeviona kabla yangu; jicho la mvuvi halibadiliki kwa kubadilisha maji.

Alianza na kaa, kwa sababu asubuhi kaa alikuwa mfalme. Mahali pale hakufaa. Maji yalikuwa ya magotini, yametakata baada ya upepo kulegea, na nusu ya kaa pamoja na chubwi ya bahari ilipiga maji kwa kishindo kilichowatawanya mikizi wote. Isitoshe, samaki wanaoingia kijitoni na maji yanayojaa huwa njiani. Wanafuata kundi la chakula mbele yao, hawakai kunusa sakafu. Kule ufukweni tulihitaji chambo kinachodumu chini hadi samaki apite. Hapa tulihitaji chambo kinachofanana na kile ambacho samaki tayari anakikimbiza, na kinachotua bila kelele.

Nikatupa kimia kandokando ya majani. Texas inaruhusu kimia kwa ajili ya chambo, kipenyo kisizidi futi 14. Tukapata mikizi ya urefu wa kidole. Mikizi mikubwa ina sharti lake: kuanzia Oktoba hadi Januari haruhusiwi kuchukuliwa mwenye zaidi ya inchi 12, kwa sababu ndicho kipindi chao cha kutoka kwenda kuzaa. Tukabadilisha kila kitu: ndoana 3/0, hakuna chubwi ila risasi ndogo moja, mkizi hai amechomwa kupitia midomo. Shemeji akamtupa juu ya mkondo, akamwacha aelee na maji hadi kwenye kinywa.

Wa kwanza alikuwa inchi 25, wa pili 23. Katikati yao alitoka mmoja wa inchi 19 na nusu, ambaye shemeji alimpima mara mbili na kumwachia bila mimi kusema neno. Kisha upepo wa kusini-mashariki ukashika, maji yakapanda juu ya majani, samaki wakatawanyika ndani ya kinamasi ambako mtu wa miguu hawafikii, na kinywa cha kijito kikafa. Hatukung'ang'ania. Wawili wale waliingia kwenye sanduku la barafu na vichwa na mikia yao, kama sheria inavyotaka hadi mtu amemaliza kuvua na kufika nchi kavu.

Watu wengi wakisikia kisa hiki huondoka na neno "mkizi hai", wakalichukua hadi ufukweni wiki inayofuata. Hilo ndilo ninaloliogopa. Kama Jumamosi ile upepo wa kaskazini ungeendelea kuvuma, kile kijito kingekuwa tope, na ningempeleka shemeji Offatts Bayou, ambako kuna vina virefu kuliko maji ya jirani na samaki hukimbilia huko baridi inapokaza. Huko tungerudi kwenye vipande vya chambo sakafuni. Kama ungekuwa upepo mkali wa kusini-mashariki, Seawall ingekuwa mawimbi na maji ya mchanga, na upande wa kaskazini wa Texas City Dike ungekuwa umekingwa. Hapo kaa robo, si nusu, na chubwi ndogo. Ikifika Desemba wakubwa wa ufukweni wanapungua, na kupoteza usingizi kwa ajili ya Seawall hakuna maana kwa anayetaka kitoweo.

Na siku duka la chambo limeishiwa kaa hai, jambo la kawaida Oktoba, nunua mkizi mzima mbichi aliyewekwa kwenye barafu. Mkate vipande vinene vyenye ngozi na mfupa, kichwa kikiwa cha kwanza kwenye ndoana, maana kichwa ndicho hongwe huchelewa kukimaliza.